Shamba la Bi Holaria: jaji wa Mwanza na neno ambalo Katiba haikuwa nalo

Nilikuwa na miaka 19 nilipopewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao cha ukoo pale Kayenze, hapa Mwanza, siku ya kuanua matanga ya mume wa mama mdogo wangu. Nilipewa kwa sababu mi ndo nilikuwa nimetoka kumaliza fomu foo na mwandiko wangu unasomeka. Kaunta buku kwaya mbili, peni ya bluu, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chini ya mwembe. Nikaandika: mitumbwi ya dagaa miwili, injini moja, nyavu, taa za sola, ng'ombe sita, nyumba ya bati na kiwanja chake, na mbele ya kila kitu jina la mtu. Mwisho kabisa baba mkubwa akasema andika na shemeji, nikaandika "mjane atatunzwa na watoto wake". Mtoto wake mkubwa alikuwa na miaka tisa, alikuwa pale pembeni anafukuza kuku.

Hakuna aliyegombana siku ile. Baba mkubwa sio mtu mbaya, ndo alilipa deni la hospitali lote, na alipoongea alikuwa anatetemeka midomo kwa sababu ni mdogo wake aliyekufa. Alifuata alichokuta.

Miaka ikaenda, nikaja kusoma Sheria za Mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, zile zinazotumika kwa makabila yanayofuata upande wa baba ikiwemo sisi Wasukuma, nikakuta maneno yale yale niliyoandika kwenye kaunta buku. Zinasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza wao. Yani kile kikao hakikukosea popote kisheria. Ni hapo ndipo swali lilinikaa kichwani na halijatoka mpaka leo: kitu kikiwa kimetangazwa kwenye gazeti la serikali, kimefuatwa sawasawa, na bado kila mwenye moyo anaona mtu ameonewa, je ile ni sheria au ni nini?

Watu wamebishana hili kwa karne nyingi. Upande mmoja wapo wanaosema kuna sheria ya asili, haki ambayo binadamu anaijua kwa akili yake hata kama hakuna serikali iliyoiandika, na sheria ya watu inapata nguvu ya kumfunga mtu kwa sababu inaendana na ile. Augustine, askofu wa kale wa Kikristo, alisema sheria isiyo ya haki haionekani kuwa sheria, Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, akaifafanua vizuri zaidi, kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, linatolewa na mwenye dhamana ya jamii na linatangazwa, na likikosa haki linakuwa karibu na ubabe kuliko sheria. Upande wa pili kina John Austin wa Uingereza, mwaka 1832 akasema sheria kuwepo ni jambo moja, uzuri au ubaya wake ni jambo jingine. Baadae Mwingereza mwenzake, H.L.A. Hart, akaitetea hiyo kwa hoja ambayo mi naiheshimu, kwamba ukizitenganisha ndo utaweza kumwambia mtu hii ni sheria na ni mbaya mno, usiitii, kuliko kujificha kwa kusema hii sio sheria kabisa.

Nadharia zikikaa hivyo juu juu hazimsaidii mtu wa Kayenze. Ndo maana nataka tuichambue kesi moja, na bahati nzuri iliamuliwa hapa hapa Mwanza, Mahakama Kuu, tarehe 22 Februari 1990. Ni Ephrahim dhidi ya Pastory, rufaa ya madai namba 70 ya 1989. Kila aliyesoma sheria Tanzania anaijua, lakini waliosoma sheria ni wachache, na waliofikwa na yaliyomfika yule bibi ni wengi sana kanda hii.

Kisa chenyewe. Bi Holaria Pastory alikuwa Mhaya wa wilaya ya Muleba, ng'ambo ya ziwa. Baba yake alimrithisha shamba la ukoo kwa wosia halali. Uzee ukamkuta, kumbukumbu zinaanza kupotea, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza shamba kwa shilingi 300,000 kwa mtu ambaye sio wa ukoo wao. Kesho yake, tarehe 25, mtoto wa ndugu yake, ndiye huyo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo. Soma hizo tarehe tena. Bibi anazeeka bila mtu, ukoo haupo, shamba linauzwa, ndani ya siku moja ukoo upo mahakamani.

Hoja ya yule ndugu ilikuwa rahisi na kwa sheria ya wakati ule ilikuwa na miguu: mila ya Kihaya inamruhusu mwanamke kurithi ardhi ya ukoo kwa kuitumia tu akiwa hai, hana mamlaka ya kuiuza. Kanuni ya 20 ya urithi kwenye zile Sheria za Mila za 1963 inasema hivyo hivyo. Na zilikuwepo hukumu za Mahakama Kuu za miaka ya 60 ambazo majaji walisema wazi kwamba wanawaonea huruma hawa kina mama ila mahakama haina kazi ya kubadili mila, mila zitabadilishwa na wenye mila wenyewe au na Bunge. Mahakama ya Mwanzo ikafuta mauzo, bibi akaambiwa arudishe hela. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, ikamuunga mkono kwa kutumia haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Yule ndugu nae hakukubali, kesi ikaja Mwanza, ikamkuta Jaji Mwalusanya.

Jaji alimpa bibi ushindi. Njia aliyopitia ndo yenye utamu, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kwa nje jaji anaonekana kama mtu wa Austin kabisa, hajasema popote kwamba anaitupa mila kwa sababu moyo wake umeikataa. Alishika ibara ya 13(4) ya Katiba inayokataza ubaguzi, halafu akashika kifungu cha 5(1) cha Sheria namba 16 ya 1984, ambacho kinaiagiza mahakama kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yatakayohitajika ili ziendane na Katiba. Akasema kuanzia sasa kanuni ya 20 isomeke kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Karatasi juu ya karatasi. Mtu akikwambia hapa hakuna sheria ya asili yoyote unaweza ukamuelewa.

Ila fungua Katiba kama ilivyokuwa mwaka 1990. Ibara ya 13(5) inaeleza nini maana ya kubagua, inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, hali ya maisha. Jinsia haipo! Neno hilo liliingizwa na marekebisho ya mwaka 2000, miaka kumi baada ya hukumu. Kwa hiyo jaji aliyekaa Mwanza mwaka 1990 na kusema Katiba inakataza kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke alikuwa anasoma neno ambalo wino wake ulikuwa haujamwagwa bado. Mtu wa kushika herufi angeweza kabisa kumwambia bibi samahani mama, orodha imetaja saba, wewe hujatajwa, rudisha hela ya watu.

Jaji alilitoa wapi? Alitaja mikataba ambayo nchi imeridhia, ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake tuliouridhia 1985, mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu ambalo ibara ya 9 ya Katiba yetu yenyewe inalitaja. Halafu akaandika kitu ambacho mi nimekirudia mara nyingi, kwamba kanuni zilizomo humo ni kiwango ambacho taifa lolote lililostaarabika litaona aibu kushuka chini yake. Aibu. Hilo sio neno la vifungu, aibu ni neno la maadili, ni la watu wazima wakiwa kikaoni, anayelitumia anaamini kuna mstari uliokuwepo kabla ya Bunge kukaa.

Na nadhani hakulazimika kwenda mbali kuutafuta, ibara ya 12(1) ya Katiba inasema "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Tazama hicho kitenzi. Huzaliwa. Haisemi binadamu wote wanapewa usawa na Katiba hii, wala haisemi watakuwa sawa kuanzia tarehe ya kuchapishwa. Katiba inakiri kwa mdomo wake kwamba usawa ilikuta upo tayari, wenyewe wanakuja nao tangu tumboni, kazi yake ni kuulinda tu. Kwa hiyo anayesema sheria ni kile kilichoandikwa tu, basi kilichoandikwa kimesema kuna kitu kisichoandikwa. Hapo mi ndo nasimama. Jaji hakuvunja mlango, mlango ulikuwa wazi kwa kitasa cha sheria ya kawaida, ila ili uone kwamba ule ni mlango ilibidi kwanza uamini kuna chumba nyuma yake.

Sasa tuwe wa haki kwa yule ndugu aliyeshtaki, maana hapa wanaopenda sheria ya asili tunapitaga haraka. Nae angeweza kusema hoja yangu ni ya asili kuliko yenu. Ardhi ya ukoo ina makaburi ya wazee, ina migomba iliyopandwa na mikono ya watu waliokufa, ikiuzwa kwa mgeni haijauzwa na mtu mmoja, imeuzwa na waliopita na wajao. Ukimuuliza baba mkubwa wangu atakwambia ndivyo Mungu alivyopanga, mke ametoka kwao, mali ni ya damu. Hiyo nayo ni maadili, watu wameishi nayo, imewalinda wasilaliwe na matajiri wa kununua kijiji kizima. Ndo hofu kubwa ya upande wa Austin na Hart na ni hofu ya kweli: ukisema sheria lazima ifuate maadili, maadili ya nani? Kesho akija jaji ambaye dhamiri yake inamwambia mwanamke asirithi kabisa?

Jibu langu linatoka kwa Aquinas. Kwake sheria inapata nguvu kwa sababu ya lengo lake, manufaa ya wote, sio kwa sababu wazee wamesema. Basi iulize mila yenyewe lengo lake. Kwa nini mwanamke hauzi? Kwa sababu ukoo unabaki na ardhi na ukoo unamtunza. Ni vitu viwili vimefungwa kamba moja, ardhi ibaki kwetu, wewe utakula kwetu. Bi Holaria alizeeka bila mtu wa kumtunza. Ile nusu ya pili ya mila ilikuwa imekufa, waliokuja mahakamani walikuja na nusu ya kwanza tu, yenye faida kwao. Huwezi kuidai mila kwa mkono mmoja na mkono wa pili umeuficha mgongoni. Na hapo huhitaji dhamiri ya jaji yeyote ya ajabu, unahitaji kuisoma mila nzima.

Jaji mwenyewe hakuidharau hoja ya ukoo, hili watu wengi hawalijui. Ile desturi ya ukoo kukomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni bila ridhaa yao aliiacha, ila akasema sasa iwe kwa wote, aliyeuza awe mwanaume au mwanamke. Akampa yule ndugu miezi sita, mlipe mnunuzi shilingi zake 300,000 shamba lirudi ukooni, ukishindwa linakuwa la mnunuzi moja kwa moja. Mi naona hapo ndipo penye akili kubwa kuliko sehemu yoyote ya hukumu. Bibi amebaki na hela yake ya kula. Ukoo kama unalipenda shamba la mababu upo uhuru kulionyesha penzi hilo kwa fedha. Makaburi yameheshimiwa, utu wa bibi umeheshimiwa.

Alifunga kwa kusema wanawake Tanzania nzima sasa wanaweza kuinua vichwa kuhusu kurithi ardhi ya baba zao, na akashangaa kwamba aliyelipigania hili ni bibi mzee wa kijijini wa kawaida tu. Ndiye jaji yule yule ambaye mwaka 1994 akiwa Dodoma alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikamgeuza mwaka uliofuata. Yani hakushinda kila mara.

Na wa kwetu hawakushinda. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waume walikufa, wakatolewa kwenye nyumba zao kwa kanuni hizi hizi za 1963, wakaenda Mahakama Kuu kuomba zitangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Wakati huo neno jinsia lilishaingia kwenye Katiba, yani walikuwa na silaha ambayo Bi Holaria hakuwa nayo. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba kanuni zinabagua, imekubali kabisa, halafu ikakataa kuzifuta, kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu, ukianza na hizi kila kabila litaleta zake. Rufaa ikaondolewa mwaka 2010 kwa dosari ya karatasi, hoja ya wajane haikusikilizwa hata siku moja. Ikabidi waende mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao.

Ukiziweka hizi kesi mbili pamoja ndo unaona nadharia ina uzito gani kwenye maisha ya mtu. Mwaka 1990 neno halipo, jaji anaona haki. Mwaka 2006 neno lipo, ubaguzi umeonekana kwa macho, na bado mkono unakataa kuandika. Tofauti kubwa haikuwa kwenye vifungu. Ni kwamba mmoja aliona haki ni sehemu ya kazi yake ya kusoma sheria, wengine wakaona haki ni jambo la kusikitikia halafu unaendelea na sheria. Najua wapo watakaosema wale wa 2006 walikuwa waangalifu, mahakama sio Bunge, na mtu akifuta kanuni bila kuweka nyingine anaacha pengo. Sawa. Ila hata mwaka 1990 hofu hiyo hiyo ilikuwepo, na jaji hakufuta akaacha pengo, aliirekebisha, akaweka miezi sita na bei yake, kila mtu akajua asubuhi ataamkaje. Uangalifu unaoishia kumwambia mjane umeonewa na nenda hivyo hivyo, huo mi siuiti uangalifu.

Mjerumani mmoja, Gustav Radbruch, aliyewahi kuwa waziri wa sheria kwao kabla ya utawala wa Hitler, mwaka 1946 aliandika kwamba kwa kawaida sheria iliyotungwa ishike hata kama ina makosa, isipokuwa pale inapogongana na haki kwa kiwango kisichovumilika, hapo lazima ipishe. Watu wanamtumia kwa mambo ya mauaji na vita. Mi nilipomsoma nilimuwaza yule mtoto wa miaka tisa na kuku. Kisichovumilika kwa nani? Kikaoni sote tulivumilia, hata mi niliandika kwa mwandiko mzuri.

Kuhusu ardhi angalau kuna ahueni ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20(2), inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi kihalali ni batili. Lakini mirathi ya mitumbwi, ng'ombe, injini, bado inaulizwa swali lile lile mahakama ya mwanzo, marehemu alikuwa anaishi kimila au kidini, ukijibu kimila umesharudi 1963.

Mama mdogo siku hizi yupo mwaloni Kirumba, amepanga chumba, ananunua dagaa za jumla anachambua na kuuza kwa ndoo. Mwezi uliopita nilikaa nae pale kwenye turubai nikamsimulia kesi ya Bi Holaria yote, ya shamba, ya kesho yake kushtakiwa, ya miezi sita. Alisikiliza huku anatoa changarawe kwenye dagaa, mikono haisimami. Mwisho akauliza kitu kimoja, "Hao waliomshtaki, walikuwa wanampelekea hata maji?" Nikamwambia hukumu inasema hakuwa na mtu wa kumtunza. Akanyamaza kidogo, akafuta mikono kwenye kanga, akachana kipande cha boksi la biskuti akanipa.

"Niandikie hizo namba mwanangu, jirani yangu wanaanua matanga Jumamosi."

Nikaandika kwa herufi kubwa: KATIBA 12(1), 13(4), 13(5). ARDHI YA VIJIJI 20(2). Chini yake nikaongeza MWANZA 1990.